Arboretum au Karura: nimpeleke wapi mama akija Nairobi?

Binti_Likoni: Wenyeji wa Nairobi, hamjambo? Jumamosi ijayo naja na mama, ana miaka 71 na magoti yanamsumbua, pamoja na wanangu wawili. Mama kalima minazi na miembe tangu usichana wake. Akiona mti asioujua hatulii mpaka aambiwe jina. Tuna siku moja tu.

Mkazi_Kileleshwa: Arboretum, dada, ile bustani ya miti. Ilianzishwa 1907 kujaribu miti ya kigeni, ijulikane ipi inakua haraka kwa ajili ya kuni za reli. Ndiyo maana mkaratusi wa Australia umesimama jirani na msonobari wa Mexico, na hatua chache mbele mnaukuta mugumo wa hapa hapa. Ni aina zaidi ya 350 kwenye hekta 30 hivi, na mingi ina kibao cha jina. Mama akichoka anakaa nyasini. Chakula kifungeni vizuri, tumbili wa pale wanapokonya.

Mpanda_Baiskeli: Na watoto je? Karura ina zaidi ya hekta 1,000, baiskeli za kukodi, maporomoko, na mapango walimojificha wapiganaji wa Mau Mau. Tena ni msitu uliopiganiwa. Wangari Maathai, yule mtetezi wa mazingira, alipigwa pale Januari 1999 akienda kupanda mti. Mimi huwaonyesha wanangu, wajue haukubaki wenyewe.

Binti_Likoni: Umenigusa hapo. Maporomoko ni mbali na geti?

Mpanda_Baiskeli: Ni mwendo, na njia inateremka. Kwa magoti ya mama, nakubaliana na Kileleshwa.

Mzee_Muheza: Mwanangu, kutoka Likoni, bustani ya mimea ya Amani huku Tanzania ni karibu kuliko Nairobi. Vuka Horohoro, pita Tanga, Muheza, kisha panda Usambara Mashariki. Bustani ile Wajerumani waliianzisha 1902. Kuna mikarafuu na midalasini, mama atasugua jani anuse, hata kibao hatakihitaji.

Binti_Likoni: Shikamoo mzee. Tiketi za treni nimeshakata, lakini Amani naiweka Desemba, inshallah. Jumamosi ni Arboretum asubuhi. Jioni mjomba wao atawapeleka watoto Karura kwa baiskeli, mama apumzike.

Mkazi_Kileleshwa: Vizuri. Maji bebeni kwenye chupa za kutumia tena. Zile za plastiki za kutupa zimepigwa marufuku misituni tangu Juni 2020. Na fikeni mapema, mchana wa Jumamosi nyasi zote huwa zimeshapata wenyewe.