Naomba ushauri: mama wa miaka 78 na dawa ya usingizi

Shikamooni wakubwa, na wengine habari zenu. Mama yangu ana miaka 78 na anameza diazepam miligramu 5 kila usiku tangu baba afariki, mwaka wa pili sasa. Mwanzoni ilimsaidia. Miezi hii anaamka mzito, anayumba, maneno yanampotea, na wiki iliyopita alianguka akienda msalani usiku. Namshukuru Mungu nyonga haikuvunjika. Sisi tulidhani ni uzee tu.

Mfamasia alinieleza kuwa ini la mzee huivunja dawa hii polepole, nayo hujificha kwenye mafuta ya mwili kwa siku kadhaa, hivyo kidonge cha leo kinakuta cha jana bado kipo. Akanionya tusiikate ghafla, anaweza kupata degedege. Tumemwachisha chai ya jioni, tumeweka taa ya korido, na nimeondoa vidonge vya mafua vinavyoleta usingizi, ambavyo alikuwa anavimeza bila sisi kujua.

Waliomsimamia mzee kupunguza dawa hii kwa maelekezo ya daktari, ilichukua muda gani? Na nianze kwa daktari wa magonjwa ya ndani au wa afya ya akili? Naogopa sana asianguke tena.