MREJESHO: Nyuso kufanana zote na miili yote kutoka myembamba

Wakuu, asanteni sana. Niliuliza kwa nini kila uso ninaochora unatoka sura ile ile, na kila mwili mwembamba.

Kilichofanya kazi zaidi ni kuanza na fuvu: duara, kisha taya, macho katikati kabisa ya urefu wa kichwa, upana wa uso kama macho matano. Na aliyesema vipimo hivyo ni vya kuanzia tu, Mungu ambariki! Sura ya mtu iko pale anapotofautiana na kipimo. Mabawa ya pua yakipita pembe za ndani za macho, yaache yapite. Ukiyabana umechora mtu mwingine.

Kwa miili, nachora wanaosubiri pantoni Kivukoni, penseli ya HB kwa mkono mwepesi, mbavu na nyonga kwanza, nyama baadaye. Mtu mnene mifupa yake haitanuki sana. Mafuta hukaa tumboni, kiunoni, mapajani na chini ya kidevu, ila vifundo vya mikono hubaki vyembamba. Hapo ndipo uzito unaonekana wa kweli.

Bado uso uliogeuka kidogo upande unanishinda: jicho la mbali linatoka pana sawa na la karibu. Mstari wa katikati ya uso, uliopinda kufuata fuvu, umepunguza tatizo bila kulimaliza.

Kunakili selfi nimeacha. Kamera ikiwa karibu sana, pua huvimba na masikio hurudi nyuma.