Naomba ushauri: stempu za dunia nzima, nizipangeje?

Habari zenu wakuu. Nipo Temeke. Marehemu babu kaniachia boksi la stempu, kama 2,000 hivi, za nchi mbalimbali. Nimeanza kuzipanga kwa nchi, kwa alfabeti. Helvetia nimeshajua ni Uswisi, na zenye kichwa cha malkia bila jina la nchi ni Uingereza (hizo zilinitoa jasho).

Nilipokwama ni zile za "Kenya Uganda Tanganyika" na za Zanzibar kabla ya 1964: niziingize Tanzania au zijitegemee?

La pili, unyevu wa Dar umefanya nyingine zigandane zenyewe kwa zenyewe. Nililoweka tatu kwenye maji ya uvuguvugu, moja ikachuja rangi, roho iliniuma. Nizibandueje bila kuziharibu?