Pikapu inaishiwa pumzi kwenye mlima wa Ngomo: nichukue boksi la kuongeza nguvu au niandikiwe upya programu ya injini?

Mchukuzi_wa_Kamanyola:
Ndugu zangu, nawasalimu nyote, hasa ninyi mnaokula kwa jasho la usukani. Nina pikapu ya Toyota inayotumia mazutu (dizeli), nayo hubeba vifaa vya ujenzi kutoka Kamanyola kupanda hadi Nyangezi, na mara chache hufika Bukavu mjini, huku Kivu Kusini, Kongo. Katika uwanda wa Ruzizi haina neno, lakini ikishaanza kupanda Ngomo inaishiwa pumzi, nami nalazimika kukaa gia ya kwanza muda mrefu huku moshi mweusi ukiwafunika watembea kwa miguu, ambao nao hawaniombei dua njema. Nimewekewa njia mbili. Ya kwanza ni boksi la kuongeza nguvu, ambalo muuzaji mmoja wa vipuri ananipa kwa dola 280 pamoja na kulifunga. Ya pili ni fundi mwenye kompyuta ya mkononi anayeandika upya programu ya injini kwa dola 450. Mwenye boksi anasema nguvu itaongezeka kwa theluthi na mazutu yatatumika kidogo zaidi. Naomba mnisaidie kuchagua kabla ya Jumamosi, kwa maana kuna mzigo wa watu unaonisubiri.

Fundi_wa_Bagira:
Ndugu Mchukuzi, umetaja mlima, moshi, bei na siku, ila hukutaja injini. Tuambie ni injini gani, ya mwaka gani, ina turbo (kifaa cha kuishindilia injini hewa) au haina, na kwa kawaida unapakia kilo ngapi. Bila hayo, kukuchagulia ni kupiga ramli.

Mama_Nguba:
Mwanangu, mimi si fundi, ni mfanyabiashara niliyepanda na kushuka njia hiyo juu ya mizigo ya watu kabla sijapata kiti cha mbele. Kila dereva huniambia habari za kupanda, na hakuna anayeniambia habari za kushuka. Hiyo nguvu ya theluthi utakayoinunua itakufaa nini siku utakapokuwa unateremka kuelekea Kamanyola na breki zimeshika moto? Nunua breki kwanza. Halafu punguza mzigo, hata kama hujatuambia ni kiasi gani. Kimya chako kimeshanijibu.

Yaya_Hilux:
Mimi nimewahi kufunga boksi, kwa hiyo sisemi ya kusikia. Gari langu ni Hilux ya lita 3.0, injini ya 1KD, yenye reli moja, yaani bomba la mafuta yenye shinikizo, inayogawia injekta (vipulizio vya mafuta) zote. Boksi hukaa kati ya kihisio cha shinikizo la reli na kompyuta ya injini, na kazi yake ni kuidanganya kompyuta kwamba shinikizo limeshuka, ili pampu isukume zaidi na injekta zitoe mazutu mengi kuliko ilivyopangwa. Nguvu nilizipata, siwezi kukana, na barabara ya Kavumu niliiona fupi. Kisha klachi ikaanza kuteleza mlimani, kwa sababu haikutengenezwa kwa mzigo huo. Nilipokuja kufungua injini, tukakuta washa (pete) za shaba zilizo chini ya injekta zinavuja na masizi yameshuka hadi kwenye chujio la oili lililo chini ya injini. Haki ya boksi niseme pia: ugonjwa wa washa hizo unazijua Hilux nyingi za 1KD ambazo hazijawahi kuliona boksi. Lakini kumbebesha mgonjwa gunia hakumponyi.

Mchukuzi_wa_Kamanyola:
Nawashukuru. Mama, breki nitazishughulikia. Yaya, pole kwa yaliyokukuta, ingawa gari langu si Hilux. Fundi, sidhani kwamba aina ya injini ni jambo kubwa hapa, kwa kuwa muuzaji amenihakikishia kwamba boksi lake linafaa dizeli yoyote. Ninachotaka kujua ni kipi kina faida kati ya boksi na programu.

Fundi_wa_Bagira:
Anayekuambia kwamba dawa moja inafaa dizeli yoyote amekuambia habari za mfuko wake, si za injini yako. Fungua boneti, soma maandishi yaliyo juu ya injini, uje nayo hapa.

Kijana_wa_Essence:
Labda ni pikapu ya siri ya serikali. Tumwache.

Mchukuzi_wa_Kamanyola:
Haya, si siri. Ni Land Cruiser 79 ya kabini moja, na injini yake ni 1HZ. Haina turbo. Mzigo ni saruji, kwa kawaida mifuko 40, na sijaona mtu wa Kamanyola anayepakia pungufu ya hapo. Tena, ili msinilaumu baadaye, nimekwisha kumpa muuzaji avansi, yaani malipo ya awali, ya nusu ya bei ya boksi. Kwa hiyo, kusema kweli, nilikuwa nimeelekea upande huo, nami nataka tu kujua kama kuna jambo kubwa linaloweza kunizuia.

Fundi_wa_Bagira:
Lipo, nalo ni kubwa kuliko Ngomo. Injini yako haina kompyuta ya kuandikwa upya wala ya kudanganywa.

1HZ ni dizeli ya silinda sita, lita 4.2, iliyoanza kufungwa kwenye Land Cruiser mwaka 1990, na inapendwa katika nchi zetu kwa sababu hiyo hiyo: kila kitu kinaendeshwa kwa vyuma. Pampu yake ya mazutu inazungushwa na mkanda wa taimingi, inapima mafuta kwa chemchemi na uzito ndani yake, na kuyapeleka kwa zamu katika nozeli sita, yaani vinywa vinavyoyapuliza ndani ya injini. Hakuna reli ya shinikizo, wala kihisio ambacho boksi la Yaya Hilux lingeweza kujibandika. Fundi wa kompyuta ya mkononi naye atafika, atatafuta tundu la kuchomeka waya wake, na hatalikuta. Kwa hiyo swali lako la boksi au programu lina jibu fupi: hakuna hata moja.

Jambo la pili umelisema mwenyewe bila kulitilia maanani. Moshi mweusi ni mazutu yaliyokosa hewa ya kuyateketeza. Injini isiyo na turbo huvuta hewa kwa pumzi yake yenyewe, na hewa hupungua kadiri unavyopanda, ambapo kwa kukadiria injini inapoteza asilimia 1 ya nguvu kwa kila mita 100. Bukavu iko kwenye mita 1,500 hivi, kwa hiyo ukifika huku juu, zile nguvu za farasi wapatao 130 za kiwandani zimekwisha kupungua kwa takriban 20. Unatafuta kifaa cha kuongeza mazutu katika injini inayotapika mazutu iliyopewa tayari.

Kuhusu mzigo, mifuko 40 ya kilo 50 ni tani 2. Gari lako lilitengenezwa kubeba tani 1 na ushei.

Mchukuzi_wa_Kamanyola:
Fundi, nakuheshimu, lakini muuzaji alinionyesha waya unaoingia kwenye pampu, akasema boksi litafungwa hapo. Kama pampu haina umeme, waya huo unafanya nini? Tena kuna jamaa aliyefungiwa boksi hilo naye anasema gari limebadilika.

Fundi_wa_Bagira:
Waya huo unafungua mlango wa mazutu unapowasha ufunguo na kuufunga unapouzima, basi. Mlango ukiwa wazi uko wazi, na kuuongezea umeme hakuupanui. Ama huyo jamaa, muulize injini yake ni ipi. Ikiwa ni ya reli, amesema kweli. Ikiwa ni 1HZ, muulize kama siku ya kufunga boksi hakubadilishiwa pia filta ya hewa.

Mzee_wa_Safari:
Mnazungumzia boksi huku mkiisahau turbo. Zamani nilikuwa na rafiki aliyeifungia 1HZ turbo iliyotolewa kwenye injini nyingine, na miezi ya mwanzo alikuwa akitupita Mwenga kama tumesimama. Naam, akatupita mpaka siku tuliyomkuta kando ya njia ya Kamituga, maji yakitoka mahali yasipotakiwa kutoka, silinda hedi (kifuniko cha juu cha injini) imepasuka. Injini hiyo inachoma mazutu kwanza katika chumba kidogo kilicho ndani ya silinda hedi, na mgandamizo wake ni mkubwa, 22.4 kwa 1. Ukiishindilia hewa na mazutu bila kupima joto la moshi unaotoka, joto hilo linakwenda kutafuta mahali pa kupasua. Toyota wenyewe walipotaka turbo katika ukoo huo walitengeneza injini nyingine, 1HD-T, yenye pistoni tofauti na mgandamizo mdogo zaidi. Sisemi kwamba haiwezekani. Wako watu wanaofunga turbo ya shinikizo dogo pamoja na kipimajoto cha moshi na wakadumu nayo, lakini hao huendesha kwa adabu, na mtu wa mifuko 40 sina hakika na adabu yake.

Mtazamaji:
Naomba radhi kuwakatiza, lakini hadithi hii inaninukia vibaya. Kwanza, ni nani anayemiliki 1HZ kwa kazi ya kila siku asijue kwamba haina kompyuta? Pili, saruji ya kiwanda cha Bugarama, Rwanda, inakuja Bukavu kwa lami ya upande wa Rwanda na kuvuka Ruzizi, na wengi wetu tunapita huko hata bila mzigo ili kuikwepa Ngomo. Mwenye akili gani ataipandisha saruji kwa pikapu kwenye mlima ule? Tatu, bei ya boksi imetajwa, na sifa za boksi zimetajwa, theluthi ya nguvu na mazutu kupungua. Mimi naona tangazo la biashara lililovaa koti la kuomba ushauri. Kesho atarudi kutuambia kwamba alilifunga na likamfaa.

Kijana_wa_Essence:
Na keshokutwa atatupa namba ya simu ya muuzaji, kwa punguzo la wanajukwaa.

Yaya_Hilux:
Hata mimi nilishangaa kidogo hapo kwenye "dizeli yoyote". Kama ni biashara, useme, tutakuheshimu zaidi.

Mchukuzi_wa_Kamanyola:
Mtazamaji, soma tena nilichoandika. Nilisema Nyangezi, na Bukavu ni mara chache. Nyangezi iko juu ya Ngomo upande huu. Mtu anayejenga Nyangezi, akinunua saruji Kamanyola na kuipitisha Rwanda hadi Bukavu, inambidi aivushe mpaka mara mbili na kisha airudishe nyuma kwa barabara hii hii, wakati Kamanyola iko chini ya mlima wake. Ndiyo maana kazi yetu ipo. Malori makubwa hayataki vifurushi vya mifuko 40 vinavyoingia hadi mlangoni pa mtu, kwenye vijia vya udongo. Kuhusu kutojua injini, gari hili nimelikuta likifanya kazi, likiharibika nalipeleka garaji, na fundi anafungua mwenyewe. Je, wewe unajua majina ya mifupa yako yote? Tena jina la muuzaji sikulitaja, na sitalitaja.

Mama_Nguba:
Habari za Nyangezi amezisema sawa. Nina shemeji anayejenga huko, na saruji yake ilipanda namna hiyo hiyo. Mwacheni kijana. Lakini mifuko 40, mwanangu, hapana.

Mtazamaji:
Hilo la kuvuka mpaka mara mbili sikulifikiria. Naondoa neno tangazo. La kutojua injini nabaki nalo.

Fundi_wa_Bagira:
Turudi kwenye gari. Kabla hujatumia dola nyingine, nataka ujue kwa nini 1HZ yako inatoa moshi mwingi kiasi hicho, kwa maana ikiwa nzima na mzigo wake wa haki, inapanda Ngomo kwa gia ya pili, polepole, bila kuwafunika watu. Anza na filta ya hewa, kwani vumbi la uwandani huko huijaza upesi. Kisha upimiwe mwanya wa valvu na taimingi ya pampu, hasa kama mkanda ulibadilishwa na mtu aliyekisia alama. Baada ya hapo nozeli zitolewe na kupimwa kwenye mashine ya mkono, kwa sababu nozeli inayodondosha badala ya kupuliza ukungu huleta moshi na kuiba nguvu kwa pamoja, na mazutu yenye maji tunayouziwa kwenye vidumu yanaziua mapema.

Jambo moja zaidi, na hapa nina mashaka makubwa. Nyuma ya pampu kuna skrubu ya kiasi cha mafuta, ambayo kiwandani hufungwa kwa sili. Mafundi wengi huizungusha mteja anapolalamika, gari linachangamka siku chache, kisha moshi unabaki kuwa wa kudumu. Tazama kama sili ipo. Baadhi ya pampu za 1HZ zina pia kifaa kidogo juu yake kinachopunguza mazutu gari linapopanda mahali penye hewa hafifu. Kama kwako kipo na kimeziba au bomba limepitishwa kando yake, umepata nusu ya jibu.

Mchukuzi_wa_Kamanyola:
Nimetazama. Sili haipo. Filta niliipuliza kwa pampu ya matairi, sikuibadilisha. Mzigo nitaufikisha mifuko 25, ingawa wateja watanung'unika kwa sababu nauli itapanda. Lakini avansi ya dola 140 siwezi kuiacha ipotee hivi hivi. Nimempigia muuzaji: kurudisha fedha amekataa, ila amekubali nichukue seti ya nozeli sita za 1HZ kwa fedha hiyo hiyo na nyongeza kidogo. Yaya Hilux, au wewe ulichukue boksi?

Yaya_Hilux:
Ahsante sana, nimeshiba.

Fundi_wa_Bagira:
Chukua nozeli, lakini usikubali kufungiwa dukani, na nyongeza usiitoe kwanza. Zilete garaji zikiwa kwenye vifungashio vyake, tuzipime moja moja kwenye mashine mbele ya kijana wa muuzaji, kwa maana nozeli za bandia zipo sokoni na kwa macho hazitofautiani na za kweli. Ikidondosha hata moja, seti nzima irudi naye. Filta mpya uje nayo, na skrubu ya pampu asiiguse mtu mpaka nozeli ziwe zimekaa.

Mchukuzi_wa_Kamanyola:
Nitakuwa hapo Ijumaa asubuhi. Mzigo wa Jumamosi nimewaambia wenyewe wasubiri hadi Jumatatu.