Kibao cha Karl Marx pale Dean Street: kwa nini nyumba hiyo na si nyingine?

Mwanafunzi wa Falsafa

Ndugu wanajamvi, naomba msaada wenu. Nyumba namba 28 ya Dean Street, Soho, jijini London, ina kibao cha kumbukumbu cha duara, cha rangi ya buluu, kilichowekwa mwaka 1967, kinachosema kwamba Karl Marx aliishi hapo tangu 1851 hadi 1856. Juzuu ya kwanza ya Das Kapital, kitabu chake kikuu kuhusu uchumi wa kibepari, ilitoka mwaka 1867, naye wakati huo alikuwa amekwisha kuhamia kaskazini mwa jiji, ambako ndiko alikofia mwaka 1883. Kwa nini basi kumbukumbu hiyo iwekwe kwenye vyumba vya kupanga alivyokaa miaka michache tu, na kwa nini kibao hakisemi lolote kuhusu kazi yake?

Mkaazi wa London

Ndugu, sababu kubwa ni kwamba nyumba unazozifikiria zilikwisha kubomolewa. Mwaka 1935 Baraza la London liliweka kibao kwenye nyumba ya Maitland Park Road alimofia, lakini kiliharibiwa na watu walioyachukia mawazo yake, na mwenye nyumba akakataa kisirudishwe. Siku hizi English Heritage, taasisi inayosimamia vibao hivi, hudai jengo lenyewe liwe bado limesimama na mwenye mali awe ameridhia. Hata pale Dean Street ridhaa haikuja kwa furaha, kwa kuwa Peppino Leoni, aliyekuwa na mgahawa humo, alilalamika kwamba wateja wake ni matajiri na makabaila, watu wale wale ambao Marx alitaka kuwaondoa.

Msomaji wa Mombasa

Nakubaliana na hayo, ila nyumba ya Grafton Terrace, alikohamia mwaka 1856, ingali imesimama, kwa hiyo ubomoaji hauelezi kila kitu. Kwa maoni yangu Dean Street inastahili kuliko zote. Katika vyumba viwili vya ghorofa ya juu aliishi yeye, mkewe Jenny, watoto wao na Helene Demuth, mtumishi wao, na ni katika miaka hiyo alipokuwa akishinda kwenye chumba cha kusomea cha Makumbusho ya Uingereza, akiandika makala za gazeti la New York Daily Tribune ili familia ipate chakula. Binti yao Franziska alifia humo mwaka 1852 muda mfupi baada ya kutimiza mwaka mmoja, na Jenny alilazimika kumwendea mkimbizi mmoja wa Kifaransa, ambaye alimpa pauni mbili za kununulia jeneza. Aprili 1855 akafariki mwana wao Edgar, mwenye umri wa miaka minane, miezi michache tu baada ya binti yao Eleanor kuzaliwa. Anayesoma maneno ya Marx juu ya ufukara akidhani yaliandikwa na mtu aliyeuona kwa mbali anapaswa kuyajua haya, na ninasikitika kwamba kibao hakiyagusi kabisa.

Mwalimu wa Historia

Ndugu yangu wa Mombasa, uchungu wako nauelewa, lakini kibao chenye kipenyo cha karibu sentimita 50, kinachopaswa kusomeka na mtu aliye ng'ambo ya barabara, hakiwezi kubeba msiba wa familia nzima. Hata hivyo neno moja la kumtambulisha lingeenea. Kibao cha Jomo Kenyatta kilichopo namba 95 Cambridge Street, mtaa wa Pimlico, kilichowekwa mwaka 2005, kinamtaja kuwa Rais wa kwanza wa Jamhuri ya Kenya, ingawa alipoishi hapo kati ya 1933 na 1937 hakuwa na cheo hicho, na kwa hiyo mpita njia asiyemfahamu hupata pa kuanzia. Cha Marx kina jina, miaka ya kuzaliwa na kufa, na miaka ya kuishi humo, basi. Mwanafunzi, ukienda London ulifikie pia jengo la ghorofa la Maitland Park Road lililojengwa mahali pa nyumba yake ya mwisho, kwa sababu halmashauri ya Camden imeweka hapo kibao cha kwake, na ukivisoma vyote viwili utaona ni kiasi gani cha maisha yake kilichoachwa nje.