Naamka usiku nimeloa jasho, mwenzangu kajifunika blanketi: nianzie wapi?

Mama Tunu

Habari za jioni wanajukwaa. Naombeni ushauri, na mwenye uzoefu wa kweli aseme, maana usingizi umenikimbia na mwili umeanza kuchoka.

Nina miaka 48, naishi Tabata, Dar es Salaam. Nyumba ni ya tofali za sementi, juu mabati, ndani dari ya jipsamu. Chumba chetu kinatazama magharibi. Tangu kaskazi ianze kuvuma, nikipanda kitandani usingizi unakuja, ila ikifika saa nane usiku nashtuka shingo, kifua na mgongo vimeloa, mpaka foronya inabidi niigeuze. Nikishaamka hivyo silali tena mpaka adhana ya alfajiri. Mchana dukani nasinzia mbele ya wateja.

Mwenzangu, kitanda hichohicho, anajifunika blanketi jepesi na hataki feni impige, anasema kifua kinambana. Dirisha ni la alumini la kusukuma, kwa hiyo linafunguka nusu tu. Tunalala ndani ya chandarua cha duara, na pangaboi liko katikati ya chumba, mbali na kitanda. Godoro ni la sponji, inchi nane, jipya la Desemba. Mashuka ni yale mazuri ya kung'aa yanayouzwa kwa seti.

Zamu yangu ya kikoba inafika mwezi ujao. Nafikiria AC, lakini naogopa umeme, na naogopa zaidi nimalize hela yote hapo kisha nikute tatizo lilikuwa kwingine. Ninyi mnaosumbuliwa na joto usiku mmefanyaje?

Mwana wa Shela

Pole sana dadangu. Kabla ya AC, tazama hicho ulicholalia. Godoro ni jipya, je, nailoni yake mliitoa? Nyumba nyingi huiacha ili godoro lisiingie madoa, wanatandika shuka juu yake. Nailoni haipitishi jasho hata tone, linabaki mgongoni. Na sponji lenyewe limejaa vitundu vya hewa iliyotulia, na hewa iliyotulia huzuia joto lisitoke. Mwili ukizama humo, upande wa chini hauna pa kupumulia.

Huku Lamu wazee wetu walilala vitanda vya kamba, juu yake mkeka. Upepo ulipita juu na chini ya mtu. Godoro lako usilitupe. Toa nailoni, kisha tandika mkeka wa ukindu baina ya godoro na shuka. Mgongo hautazama sana na hewa itapata kijinjia.

Hayo mashuka ya kung'aa nayashuku ni poliesta. Chomoa uzi mmoja uuchome kwa kiberiti. Pamba hunuka kama karatasi iliyoungua na huacha jivu laini. Poliesta huyeyuka, ikijikunja kuwa kipunje kigumu cheusi. Ukiona kipunje, hayo yaweke ya wageni wa mchana.

Mama Tunu

Nailoni ipo! Baba Tunu alisema tuiache godoro lisichafuke. Leo inatoka. Uzi nao nimeuchoma sasa hivi jikoni, ni kipunje.

Mauzo ya Karume

Dada, mashuka ya pamba usiende kuyanunua ghali. Nenda mtumba, Karume au Ilala, shika yale meupe mazito kidogo yaliyokwishafuliwa sana. Mengi ni pamba tupu na yananywa jasho vizuri kuliko seti mpya. Fua kwa maji ya moto kwanza. Na gauni la kulalia la nailoni liache, lala na kanga iliyochakaa.

Nkuhungu

Shikamoo mama. Mimi nipo Dodoma. Njia yangu ni rahisi sana: loanisha taulo, litundike mbele ya feni ya kusimama, au weka beseni la barafu mbele yake. Chumba kinapoa mpaka natafuta shuka. Huhitaji AC kabisa.

Uniti Zangu

Nkuhungu, kwako inafanya kazi kweli, lakini Tabata mambo ni tofauti. Maji yakikauka huchukua joto, ndiyo maana taulo linapoza. Dodoma hewa ni kavu, maji yanakauka haraka. Dar mwezi wa Februari hewa imeshiba unyevu tayari. Ukiongeza taulo bichi ndani ya chumba kilichofungwa, unazidisha unyevu, na jasho la Mama Tunu halitakauka mwilini. Kwa mtu wa pwani ni bora aloanishe kitambaa kidogo, ajipanguse shingo na mikono, halafu feni impige moja kwa moja. Hapo ukaukaji unatokea juu ya ngozi yake.

Barafu nayo ina kipimo chake. Mtu aliyelala hutoa joto la wati 70 hadi 80. Kilo moja ya barafu ikiyeyuka yote inafyonza joto ambalo mtu huyo mmoja hutoa kwa saa moja na robo hivi. Wako wawili chumbani, na kuta zimechomwa na jua mchana kutwa. Beseni la barafu linapoza uso wa aliyelikaribia, chumba kinabaki vilevile. Chupa ya maji baridi iliyofungwa kwenye kitambaa, ukaiweka miguuni, itakufaa zaidi.

Umeme sasa, kwa kuwa umeulizia. Feni ya wati 60 ikiwaka kwa muda wa saa nane inakula karibu nusu uniti. AC ndogo ya BTU 9000 (hicho ni kipimo cha nguvu yake ya kupoza) inakula kama wati 800 ikiwa inavuta. Hata ikipumzika nusu ya usiku, ni zaidi ya uniti 3 kwa usiku mmoja, karibu 100 kwa mwezi. Kama mita yako ya LUKU, ya umeme wa kulipia kabla, iko kwenye tarifu ya watumiaji wadogo, wale wa chini ya uniti 75 kwa mwezi, AC peke yake inakutoa huko, na friji na pasi utazilipia kwa bei ya juu. Piga hesabu hiyo kabla ya kuangalia bei ya dukani.

Fundi Kenchi

Mama, umetaja mabati, jipsamu na ukuta wa magharibi. Hapo joto lako linatengenezwa. Bati likichomwa na jua la saa nane mchana huwezi kuliwekea kiganja. Joto hilo linashuka kwenye uwazi ulio juu ya dari, na kama fundi wako aliziba fisha bodi, zile mbao za ukingo wa paa, pande zote bila kuacha matundu, hewa ile ya moto haina pa kutokea. Inakaa juu ya kitanda chako kama sufuria iliyofunikwa. Ukuta wa magharibi nao unakunywa jua mpaka linapozama, kisha unalitoa ndani polepole, kuanzia saa mbili usiku mpaka kama saa sita.

Fanya hivi: mchana pazia la dirisha lile lishushwe kabla jua halijageuka. Jioni nje kukishapoa, fungua dirisha na mlango wa upande wa pili, kisha simamisha feni dirishani ikitazama nje, isukume hewa ya moto itoke kwa saa moja. Halafu ndio uigeuze. Hela ikiwepo, toboa matundu ya hewa kwenye paa na upake mabati rangi nyeupe. Rangi inarudisha jua lilikotoka, na ni kazi ya siku chache. Nimeipaka nyumba nyingi na wenye nyumba wenyewe ndio wanaoniletea wateja.

Nesi wa Zamu

Mama Tunu, dada yangu, wote waliosema hapo juu wamesema kweli, lakini mimi nimeshikwa na jambo moja. Fundi anasema ukuta unatoa joto mpaka saa sita. Wewe saa tatu, saa nne unapata usingizi bila shida, unakuja kuloa saa nane, chumba kikiwa kimeanza kupoa. Na aliye pembeni yako kajifunika blanketi. Hii inanifanya nikuulize kuhusu mwili wako. Hedhi ikoje? Joto linakuja ghafla, likianzia kifuani kupanda shingoni na usoni, dakika chache, kisha unasikia ubaridi? Mchana linakuja pia? Uzito umepungua? Una kikohozi? Unatumia dawa yoyote?

Mama Tunu

Nesi, umenigusa. Hedhi imeanza kuruka tangu mwaka jana. Joto ni kama ulivyosema, linapanda kifuani, na baadaye natetemeka kidogo. Dukani pia hunijia, nikadhani ni mabati ya pale. Sina kikohozi, uzito uko palepale. Situmii dawa. Sikumwambia mtu, hata baba Tunu, niliona aibu.

Nesi wa Zamu

Hakuna aibu hapo hata kidogo. Unaelekea kukoma hedhi, na umri wako ndio wenyewe: wengi hukoma baina ya miaka 45 na 55, na dalili hutangulia. Homoni ya estrojeni ikipungua, sehemu ya ubongo inayopima joto la mwili inakuwa nyepesi kushtuka. Joto likipanda kidogo tu, kiasi ambacho zamani usingekisikia, ubongo unaamuru jasho litoke kwa wingi. Kwa hiyo godoro la nailoni na chumba cha mabati havikukuletea tatizo, lakini vinalichokoza kila usiku. Ukivipunguza hivyo, na jasho litapungua.

Hata hivyo nenda kituo cha afya, usiishie kwenye maneno yangu. Omba upimwe tezi ya shingo, maana ikifanya kazi kupita kiasi nayo huleta joto na jasho, pamoja na moyo kwenda mbio na mikono kutetemeka. Pima malaria ukiwa na homa. Na yeyote anayesoma hapa mwenye jasho la usiku pamoja na kikohozi cha wiki mbili au zaidi, au anayekonda bila sababu, asipoteze muda na mikeka: akapime kifua kikuu, vipimo na dawa zake ni bure kwenye vituo vya serikali. Wanaochoma insulini nao wajue kwamba sukari ikishuka usiku mtu huamka ameloa.

Joto la kukoma hedhi lina dawa, za homoni na zisizo za homoni. Za homoni hazimfai kila mtu, mfano aliyewahi kuugua saratani ya matiti au damu kuganda, kwa hiyo daktari ndiye wa kuamua. Usinunue za kuambiwa.

Nyumbani: chai ya moto na pilipili visogee mbali na saa ya kulala. Oga mapema, saa moja au mbili kabla ya kulala, kwa maji ya uvuguvugu. Maji ya baridi kali yanabana mishipa ya ngozi na joto linabaki ndani. Ya uvuguvugu yanaivuta damu ije mikononi na miguuni, joto litokee huko, na mwili hulala ukiwa unashuka joto. Halafu mwambie mwenzako. Akijua ni nini, mtapanga kitanda pamoja.

Abu Salma, Maskati

Assalaam alaikum. Huku Oman AC si anasa. Mji wa Quriyat, Juni 2018, joto halikushuka chini ya nyuzi 42.6 kwa saa 24 nzima, usiku ukiwemo. Basi kwetu mkeka na kanga havitoshi. Lakini nakubaliana na Nesi kwamba shida yako isikupeleke dukani mbio.

Siku ukinunua, usiishushe hadi 18 kama wengi wafanyavyo. Weka 26, na feni ya mwendo mdogo juu yake. AC inakausha hewa, na hewa ikikauka jasho linaondoka lenyewe. Kichujio kisafishwe mara kwa mara, vumbi likijaa inakula umeme bure.

Kuhusu mwenzio: kwangu mimi ndiye mwenye joto na mama Salma ndiye mwenye baridi. Kila mmoja ana shuka lake, hatugombanii moja. Mimi nalala upande wa upepo. Ndoa imetulia, alhamdulillah.

Mwana wa Shela

Na chandarua, dada, usikivue kwa sababu ya joto. Malaria haijui msimu wako. Badilisha cha duara uweke cha pembe nne, kile cha duara kinakukaba kichwani. Na kwa kuwa wavu unapunguza upepo, pangaboi la mbali halifiki. Tafuta feni ya kusimama, ikae usawa wa godoro, upande wako, ipige kutoka miguuni kuja kiunoni. Baba Tunu hatapata kitu.

Mama Tunu

Wapendwa, nimerudi na shukrani nyingi. Nailoni imetoka, mkeka umeingia, mashuka ya pamba nimeyapata Karume kama nilivyoelekezwa. Feni ya kusimama nimeazima kwa jirani nijaribu kwanza. Jasho bado linakuja, ila likija linakauka upesi na ninarudi kulala. Kituoni nimepimwa, malaria hakuna, damu ya tezi nasubiri majibu, na daktari amesema tutazungumza dawa yakishatoka. Baba Tunu nimemwambia. Alinyamaza kidogo, kisha akaenda mwenyewe kununua shuka lake.

AC nimeiahirisha. Hela ya kikoba nataka iende kwenye paa. Fundi Kenchi, matundu hayo yawe wapi na ukubwa gani? Fundi wa mtaani anataka kutoboa moja tu katikati.

Fundi Kenchi

Mwambie moja halitoshi, hewa inataka pa kuingilia na pa kutokea. Ya kuingilia yawe chini, kwenye fisha bodi, upande wa upepo na upande wa pili. Ya kutokea yawe juu, kwenye ukuta wa pembetatu karibu na kilele cha paa, moja kila mwisho wa nyumba. Ya juu yawekewe vibao vilivyolala kuelekea nje ili mvua isiingie, na yote yafunikwe wavu wa chuma wa tundu ndogo, la sivyo popo watahamia na harufu yake utaisikia chumbani. Akague na nyaya za umeme juu ya dari kabla hajaanza kukata. Kazi imalizike kabla ya masika, na rangi ipakwe bati likiwa kavu, asubuhi na mapema. Piga picha ya paa uiweke hapa, nitakuambia matundu mangapi.