Carlos Delgado: homurani 473 halafu mnamtupa kwa kura 21. Huu ni uonevu na naona watu wamenyamaza

Wakuu, hili jambo limenikaa kifuani toka Desemba 2025 na kila nikijaribu kulilaza linaamka upya, acha nilimwage hapa.

Ile kamati ya watu 16 iliyokaa kuamua nani wa zamani aingie Jumba la Umaarufu la besiboli kule Cooperstown, jimbo la New York, imemnyima tena Carlos Delgado. Zilitakiwa kura 12, kapata 9. Aliyepita ni Jeff Kent, kura 14, na Kent sina ugomvi naye kabisa, alikuwa mpigaji wa kweli. Ila Delgado! Kukosa kwa kura tatu, tena baada ya kufutwa jina miaka kumi nyuma kwa sheria ambayo mpaka leo hakuna mtu mzima aliyeweza kunieleza ina faida gani. Imeniuma jamani. Imeniuma kama nimeibiwa mimi.

Kwa wasioufuatilia huu mchezo nieleze kidogo ili tusiachane njiani. Mtu wa besi ya kwanza, nafasi aliyocheza Delgado, ndiye yule mwili mkubwa anayesimama kulia ukiwa umeangalia uwanja kutoka kwa mpigaji, anadaka mipira ya wenzake mguu ukiwa umegusa besi (vile vituo vinne vya kukimbilia), ndio mbio ya mpinzani inaishia hapo. Ila timu haimuweki pale kwa ajili ya kudaka tu. Inamuweka pale ili zamu yake ya kushika gongo ikifika aubutue mpira uvuke uzio, yaani homurani, yeye na wenzake wote walioko kwenye besi wazunguke mpaka besi ya nyumbani, pale anaposimama mpigaji, bila kuguswa na mtu. Hiyo ndiyo kazi. Sasa huyu jamaa kaifanya mara 473. Hakuna mzaliwa wa Puerto Rico aliyewahi kupiga nyingi kuliko yeye kwenye ligi kuu, hayupo. Toronto Blue Jays kawapigia 336, rekodi ya klabu.

Mimi naishi Toronto, nilifika 2001, sijui hata gongo linashikwaje. Nilikuwa nafanya shifti ya usiku kiwanda cha mikate huku Scarborough, na kulikuwa na mzee mmoja wa Puerto Rico kwenye laini yetu, anakuja na redio ndogo anaiweka juu ya rafu ya trei. Delgado akikaribia kupiga, yule mzee anasimamisha kila kitu, anainua kidole, anasema ngoja. Tunangoja. Mashine inaunguruma, mikate inapita, sisi tunamsikiliza mtu asiyetujua. Yeye ndiye aliyenifundisha huu mchezo, nikawa namwita mzee na yeye akawa ananiita mwanangu kwa Kihispania. Kwa hiyo mtu akija humu kuniambia "ni besiboli tu hiyo" nitamjibu vibaya, naomba tuheshimiane.

Siku ya Alhamisi, tarehe 25 Septemba 2003, nilikuwa SkyDome, uwanja wa Blue Jays. Tiketi ya bei rahisi, kule juu kabisa ambako wachezaji wanaonekana kama punje za mtama, na Toronto walikuwa wanacheza na Tampa Bay, timu mbili ambazo msimu wao ulishaisha, hata uwanja haukujaa. Delgado siku hiyo mwili haukuwa sawa, alikuwa anaumwa. Kapewa gongo mara ya kwanza, mpira umevuka uzio, na hiyo ilikuwa homurani yake ya 300 maishani. Mara ya pili, umevuka. Mara ya tatu, umevuka. Ya nne alivyokuwa anatembea kwenda kupiga, watu wachache tuliokuwepo tulisimama wote, mzee kanishika mkono kanibana mpaka kucha zimeingia, na mpira ukaondoka tena. Mara nne kashika gongo, mara nne kavusha. Toronto wakashinda 10 kwa 8. Wanaume waliofanya hivyo kwenye historia nzima ya ligi, zaidi ya miaka mia moja, wanakaa basi dogo moja.

Na kitu ambacho sitakisahau wala sio zile homurani. Ni daftari. Delgado alikuwa na daftari lake, akimaliza kupiga anarudi benchi, anakaa, analifungua, anaandika. Nani kamrushia, kamrushia mpira wa aina gani, yeye kafanya nini. Kapiga homurani, anaandika. Kakosa mara tatu katolewa, anaandika. Kamera ilikuwa inampenda pale, jitu lile zima limeinama juu ya kijidaftari kama mwenye duka anapiga mahesabu ya jioni. Miaka nenda rudi. Huyo ndiye mtu mnayesema hakufikia kiwango?

Haya tuje kwenye huo ushenzi wenyewe. Januari 2015 ilikuwa mara yake ya kwanza kupigiwa kura na waandishi wa habari. Ukitaka kuingia unahitaji asilimia 75, ukikosa unarudi mwaka unaofuata, ILA ukipata chini ya asilimia 5 jina linafutwa moja kwa moja, waandishi hawatakuona tena. Waliopiga kura ni 549. Delgado kapata 21. Asilimia 3.8. Alihitaji 28 tu abaki kwenye mjadala, yaani kura saba, watu saba tu kwenye 549!

Na kwanini alipata 21? Kwasababu kila mwandishi anaruhusiwa kuandika majina 10, hata kama anaona wanaostahili ni 15. Na mwaka huo karatasi ilikuwa imefurika. Randy Johnson, Pedro Martínez, Smoltz na Biggio ndio walipita, chini yao wamekaa Piazza, Bagwell, Raines, Mussina, halafu kuna Bonds na Clemens, ambao kwa sababu ya mambo ya madawa ya kuongeza nguvu walikuwa hawapiti na hawafutwi, kila mwaka wapo, kila mwaka wamekalia siti mbili. Ni kama daladala la Mbagala saa kumi na mbili jioni, waliokaa hawashuki, wewe wa kituoni kondakta anakwambia imejaa, na hili ndilo la mwisho, hakuna lingine. Mtu aliyecheza misimu 17 anamalizwa na hesabu ya siti.

Na hapo kwenye madawa ndipo damu inaponichemka kabisa. Delgado kacheza kipindi kile kile watu wanajidunga mchana kweupe. Ripoti ya Mitchell ya 2007, ule uchunguzi wa madawa kwenye besiboli, ilitaja wachezaji kibao, yeye hayumo. 2003 ile ile ya homurani nne alipiga 42 kwa msimu, na kwa mipigo yake ziliingia pointi 145, hakuna mtu kwenye ligi nzima aliyemfikia kwa hizo pointi. Tuzo ya mchezaji bora wa Ligi ya Marekani, yaani moja ya zile mbili zinazounda ligi kuu, kapewa Alex Rodriguez, ambaye timu yake Texas ilimaliza mkiani kwenye kundi lao, imefungwa mechi 91. Delgado wa pili. Halafu 2009 Rodriguez mwenyewe kasimama mbele ya kamera kakiri kwamba alitumia madawa miaka ya 2001 mpaka 2003 akiwa Texas. Mwenyewe! Kwa mdomo wake! Na tuzo bado anayo. Ile tuzo moja ingekuwa kwenye jina la Delgado, hivi mnadhani 2015 angepata kura 21? Waandishi wale wale waliotoa tuzo ndio waandishi wale wale waliokuja kusema wasifu wake hauna uzito. Mmemnyang'anya kitambaa halafu mnamuuliza mbona yuko uchi.

Watasema hakufika 500. Sawa, hakufika, alibakiza 27. Na kwanini hakufika? Msimu wa 2008 akiwa na miaka 36 kapiga 38, mtu ana afya yake, 2009 nyonga ikagoma. Kafanyiwa upasuaji Mei, msimu mzima kacheza mechi 26. 2010 kajaribu kurudia kwenye timu ya chini ya Boston, nyonga ikakataa tena, Aprili 2011 akatangaza kustaafu. Kwa hiyo nyonga ya mtu ndio inaamua? Kuanzia 1997 mpaka 2006 hakushuka chini ya homurani 30, misimu KUMI mfululizo, hebu kaa ufikirie, miaka kumi mwili huo huo unaamka, unasafiri, unapiga, haulegei. Msimu wa 2000 wastani wake wa kupiga na kufika besi salama ulikuwa .344, homurani 41, na mipigo ya kufika besi ya pili 57. Watu wanaingia Cooperstown hawajawahi kuwa na msimu mmoja wa namna hiyo.

Harold Baines kaingizwa 2019 na kamati kama hii hii. Mtu mwema, sina neno naye, homurani 384, sehemu kubwa ya kazi yake alikuwa mpigaji tu, hadaki, na waandishi hawakuwahi kumpa hata asilimia 7. Fred McGriff, mtu wa besi ya kwanza pia, homurani 493, Desemba 2022 kura zote 16 zikamwendea, na alistahili toka zamani. Mpigo wa Delgado ukiulinganisha na wa McGriff kwa wastani wa nguvu, yaani besi anazozipata kwa mpigo kila akipiga, Delgado yuko juu. Orlando Cepeda na Tony Pérez, wote besi ya kwanza, wote wana 379, wote wako ndani na wote wanastahili. Sasa huyu wa 473 anakaa nje kwa kosa gani? Semeni kosa!

Wapo wanaosema ni siasa. 2004 Delgado alikataa kusimama pale wanapoimba wimbo wa uzalendo katikati ya mechi, utaratibu walioanzisha baada ya Septemba 11, 2001. Alikuwa anapinga vita ya Iraq, na kabla ya hapo alishakuwa mstari wa mbele kuhusu Vieques, kile kisiwa cha kwao ambacho jeshi la majini la Marekani lilikitumia miaka mingi kufanyia mazoezi ya mabomu, mpaka 1999 mlinzi mmoja raia akauawa na bomu lililokosa shabaha, na jeshi likaja kuondoka 2003. Hakupiga kelele, hakutukana mtu, wimbo ukianza anabaki ndani benchi, basi. Mashabiki wa Yankees kule New York walimzomea kila akishika gongo. Mimi sihitaji hata kuingiza siasa kwenye kura ile, sheria ya asilimia 5 na majina 10 inatosha kumzika mtu. Lakini nataka mjue aliyezikwa ni mtu wa namna gani. Alivyohamia Mets, timu nyingine ya New York, alivaa namba 21 kwa heshima ya Roberto Clemente, nyota wa zamani wa Puerto Rico, na 2006 akapewa tuzo yenye jina la Clemente mwenyewe, ile ya mchezaji anayesaidia jamii. Na uwanja ule ule wa Yankees waliomzomea, tarehe 27 Juni 2008 alirudi akiwa Mets, mechi moja ziliingia pointi 9 kwa gongo lake. Tisa! Rekodi ya klabu. Mzee alinipigia simu usiku ule hakusema hata hujambo, kasema tu "tisa" akakata.

EDIT: naona kuna mdau anasema kwenye mechi kubwa hakuwepo. Kaka, Toronto toka wabebe ubingwa 1993 hawakucheza mechi za Oktoba, zile za kuwania ubingwa, mpaka 2015, mtu mmoja kati ya wapigaji tisa angefanyaje, amrushie mpinzani mipira mwenyewe? Alipopata nafasi moja tu, 2006 na Mets, kwenye ile fainali ya ligi dhidi ya St. Louis iliyoenda mpaka mechi ya saba kapiga homurani 3. Fuatilia kwanza ndugu yangu.

EDIT 2: na huyu wa "kudaka alikuwa mzito, All-Star mara mbili tu", yaani ile mechi ya nyota waliochaguliwa. Kudaka sikatai, hakuwa hodari. All-Star mbili ni kweli pia, ila angalia besi ya kwanza ya ligi ile kipindi kile kulikuwa na nani, Giambi, Thome, Palmeiro, Mo Vaughn, hapo wanachagua wawili watatu. Ukimuweka ligi nyingine miaka ile ile anaenda mara sita.

Kura nyingine ya kundi lao ni Desemba 2028. Delgado atakuwa na miaka 56, hilo halinitishi, ana muda. Mzee wangu wa redio ana 81. Juzi nilimpelekea mkate na kahawa, kanionyesha sandukuni shati la namba 25, ile ya Delgado enzi za Toronto, amelikunja kwenye mfuko wa nailoni, anasema analitunza la kuvaa Cooperstown siku hiyo. Nimemjibu tutaenda wote, na mimi ndiye nitaendesha gari.